Mkono wa Safina na Mkate wa Shadia

Ramadhani alimvunja Safina mkono wa kulia kwa mchi wa kinu, uani kwake Safina, mchana kweupe, wanaume wa mtaa wakitazama, kwa sababu ya mkate ambao Safina hakuupika. Hilo ndilo lililotendeka. Wapo Ujiji wanaolisimulia kwa kuanzia kwenye pombe, wapo wanaoanzia kwenye ulimi wa mwanamke. Hao wanamkamata nyoka mkiani.

Safina ni mke wa Nuhu. Ramadhani ni kaka yake Nuhu, mkubwa wake, na nyumba zao mbili zimetenganishwa na ua wa matete tangu baba yao alipokuwa hai. Nuhu ni fundi wa mashine za boti kule Katonga, mtu mpole, husema watu. Upole wake utaonekana mbele. Ramadhani ana boti za dagaa, ana sauti, na ana mkono mwepesi. Ukiamka Ujiji ukasikia mwanamke analia upande ule wa matete, huna haja ya kuuliza ni nani. Ni Shadia, mke wa Ramadhani.

Sasa mkate. Bibi yake Safina, mama wa baba yake, alikuwa Mha wa Kidahwe aliyeolewa na Mwislamu wa Ujiji akasilimu. Kwao ndizi hufukiwa shimoni, hupulizwa moshi mpaka ziive, kisha hukandwa kwa nyasi kavu zikatoa maji matamu. Maji hayo huitwa mtobe. Ukiyanywa siku hiyohiyo ni sharubati. Yakilala, yanaanza kufukuta. Yakilala tena, mzee anaimba njiani. Bibi aliposilimu aliiacha pombe, lakini hakukubali kuutupa mtobe. Alichofanya ni kuubandika motoni siku ileile ya kukamua, akauchemsha mpaka ukawa mzito kama asali, pombe isipate hata pa kuingilia. Asali hiyo aliikanda pamoja na ndizi zilizopondwa, unga wa ngano, hamira, mawese kidogo, na iliki aliyofundishwa kutumia na wakwe zake. Akaoka ndani ya sufuria zito lililotandikwa majani ya mgomba, mkaa chini, mkaa juu ya mfuniko. Ukatoka mkate mwekundu, mzito, unaonata vidoleni, na harufu yake inavuka barabara.

Alimfundisha Safina kwa makofi. "Mtobe haulali!" alikuwa akisema, na kila neno lilishuka na kofi lake. Mara moja Safina, bado msichana, alishikwa na usingizi mtobe ukiwa haujabandikwa. Bibi alimwamsha kwa mwiko uliotoka kwenye moto. Alama iko begani hadi leo. Safina hajawahi kumlaumu. Shule hakwenda, kusoma hajui, urithi hakuachiwa hata kipande cha kiwanja. Alichoachiwa ni ule mkate, na aliachiwa kwa maumivu, kama kila kitu cha maana alichopata duniani.

Ndiyo maana Shadia alipokuja na kanga yake begani, akakaa kwenye kigoda na kusema, "Dada Safina, nifundishe na mimi," Safina alimtazama kisha akaendelea kuponda ndizi.

"Una binti wa ndugu yako wa kumrithisha?" Shadia akauliza.

"Sina."

"Basi si utazikwa nao?"

"Nitazikwa nao. Kwani kaburi litakataa?"

Shadia akacheka, lakini hakucheka alipofika kwake. Ramadhani alikuwa ndiye aliyemtuma. Maneno yake yalipenya kwenye matete yote: kwamba mke wa mdogo wake, mwanamke asiyezaa, anaringia ukoo kwa mkate, kwamba watu wakija kwenye shughuli zake wanamsifu Safina badala ya mwenye nyumba, kwamba Shadia ni gogo lisilofaa hata kwa kuni. Kisha yakafuata yale yanayofuata siku zote. Safina aliponda ndizi huku akihesabu vishindo vya upande wa pili kama mtu anayesikiliza mvua.

Kuanzia hapo Shadia alianza kuchungulia. Safina aliliona jicho lake kwenye tundu la ua, akalipuuza. Shadia aliuona ukamuaji, akaona nyasi, akaona mtobe ukimiminwa kwenye karai na kufunikwa. Asichokiona ni kilichotokea ndani. Safina alichemshia mtobe wake jikoni, mlango umefungwa, kama bibi alivyomzoesha, kwa sababu upepo wa ziwani huchezea moto na asali ikaungua. Hamira nayo aliitia humohumo ndani. Kwa hiyo Shadia aliondoka na nusu ya mkate kichwani, na kujua nusu ya jambo ni kubaya kuliko kutojua kabisa.

Ikafika hitma ya kumrehemu baba yao Ramadhani na Nuhu. Kila mwaka Safina ndiye aliyeoka. Mwaka huo Ramadhani akatangaza kuwa mkate utatoka kwake. Shadia akanunua ndizi kwa Honorata, mama wa kutoka Mwandiga anayeshusha mikungu Ujiji, na ambaye kwao, kwa kuwa ni Mkristo na hana wa kumkataza, hupika pombe ya ndizi waziwazi. Akakamua. Akafunika. Akangoja. Alipofunua akakuta povu, akafurahi: kumbe hivi ndivyo mkate wa Safina unavyoumuka! Akaacha povu liongezeke. Halafu akatia unga.

Wanaume walikaa barazani kwa Ramadhani, wamemaliza kusoma, sahani zikapita. Safina alikuwa uani kwake, anasikia. Kwanza kimya cha watu wanaotafuna. Kisha mtu akakohoa. Kisha mzee mmoja wa msikitini akatema, akasema kwa sauti ya mtu aliyekanyaga kinyesi:

"Huu mkate umelewa."

Mmoja akacheka, akanyamazishwa. Wengine wakanusa. Wengine wakatema. "Ramadhani! Unatulisha pombe kwenye dua ya baba yako?"

Hapo ndipo Ramadhani alipokuwa na njia mbili. Angeweza kusema: mke wangu amekosea. Kosa la jikoni, lingesamehewa kabla chai haijapoa. Lakini huyu ni mtu aliyejigamba mtaa mzima kwamba mkate unatoka kwake. Akasimama, akanyoosha kidole juu ya ua wa matete.

"Mkate wa yule. Wa Safina. Si mnajua bibi yake alitoka kwa wapika pombe?"

Wakajua. Walikuwa wamekula mkate wa Safina tangu alipoolewa pale na hawakuwahi kulijua hilo, lakini lilipotajwa wote wakalijua. Aibu ikitafuta mwenyewe haikosi kichwa cha kukalia.

Walikuja wakiongozwa naye. Mlango wa ua hawakuufungua, waliupiga teke. Safina alikuwa anatwanga iliki. Kwenye mafiga kulikuwa na sufuria la mkate wake wa kuuza, mkaa juu, mkaa chini. Ramadhani alilipiga teke likaruka, makaa yakatawanyika, mkate ukagaragara mchangani ukifuka mvuke.

"Shemeji, kuna nini?" Safina alisema.

"Unatulisha haramu!"

"Mkate huo hapo chini. Uokote uonje. Wape wazee wauonje! Ule si wangu, shemeji, wa nyumbani kwako ule, unajua!"

Neno "unajua" ndilo lililomwasha. Alimnyang'anya mchi. Safina alishika ukingo wa kinu asianguke, na mkono wake ukawa umelala pale juu ya mbao kama nyama juu ya gogo la mchinjaji. Mchi ukashuka. Mlio wake haukuwa mkubwa. Ulikuwa kama mtu amevunja kuni mbichi. Ukashuka tena, maana mara ya kwanza Safina hakupiga kelele, na mwanaume wa namna ile hupiga mpaka asikie. Mara ya pili alisikia. Akamsukuma, na Safina akaangukia makaa kwa kiwiko cha mkono uleule, ngozi ikashikana na moto, akanusa mwenyewe akiungua pamoja na ndizi.

Alipoinua uso alimtafuta mume wake. Nuhu alikuwa amesimama mlangoni mwa nyumba yao, mikono imening'inia. Hakumkimbilia. Alitazama kama mtu anayetazama boti ya watu wengine ikizama.

"Nuhu!" alimwita.

"Kaka, basi," Nuhu akasema, taratibu, kama mtu anayekataa kuongezewa wali.

Hospitali walimfunga plasta. Mifupa ilikuwa imesagika, ikashikana ilivyopenda. Leo vidole viwili vya mkono ule havikunji, na kiganja kimegeukia nje kama cha ombaomba. Anakandia mkono wa kushoto. Lakini anamkandia nani? Hakuna anayenunua. Watoto wakipita hupepesuka kama walevi na kuimba, "Mkate wa Safina, tupime glasi!" Mama zao hawawakatazi.

Plasta ilipotoka alimvizia Shadia njia ya kisimani, akamkaba kanga ya shingoni kwa mkono mzima, akambana kwenye ukuta.

"Sema ulichofanya."

"Dada, nitakufa."

"Utakufa. Sema."

"Niliacha mtobe ulale," Shadia akalia. "Niliona povu. Nilidhani ndiyo hamira yako. Wallahi sikujua, dada Safina."

"Na mumeo?"

"Nilimwambia siku ileile, kabla hawajaja kwako. Alijua."

"Basi mwambie aseme."

Shadia alishusha kanga kidogo, akamwonyesha mgongo. Safina aliutazama, akamwachia. Kuna mahali ambapo hata hasira inakuta pamekwisha pigwa.

Akamwacha mwanamke, akamwendea mwanaume. Alichagua siku ambayo wanaume walewale walikuwa barazani kwa Ramadhani wakicheza bao. Alikuwa amekamua asubuhi, na mtobe ulikuwa umekwisha kuwa asali, unatokota mapovu makubwa mazito. Akaubeba na sufuria lake, kitambaa mkono wa kushoto, sikio la pili ameliegemeza kwenye ule mkono mbovu.

"Hodi, wazee. Shikamooni."

"Marahaba."

"Nimeleta mtobe. Nuseni. Ndio huu natia kwenye mkate. Una pombe?"

Mzee mmoja akainama, akanusa. "Hauna," akasema.

"Ramadhani, mbele ya hawa hawa uliowaongoza, sema ule mkate ulikuwa wa nani."

Ramadhani hakuinua macho kwenye bao. Akatupa kete zake, akacheka. "Mwanamke, mkono mmoja haukukutosha?"

Wengine nao wakacheka. Safina alisikia kicheko hicho kikiingia mwilini kama maji kwenye boti iliyotoboka. Akainamisha sufuria.

Asali ya ndizi haiunguzi kama maji. Maji hupita. Asali hukaa. Ilimwagikia miguu ya Ramadhani ikang'ang'ania, na alipoipangusa ikahamia mikononi, akaruka, akaangukia bao, kete zikatawanyika, akalia kwa sauti ambayo Ujiji haikupata kuisikia upande ule wa matete. Mtu alimpiga Safina ubao kichwani. Mwingine alimburuta kwa nywele hadi barabarani. Alikuwa anatabasamu, wanasema. Yeye hakumbuki hilo.

Kesi ilisikilizwa haraka. Mkono wake ulipovunjwa hakuna aliyeona haja ya kikao, mambo ya ndani ya ukoo hayo. Miguu ya Ramadhani ilipoungua, wazee waliitwa kabla malengelenge hayajapasuka. Safina akaeleza yote tangu mwanzo. Akasema anaye shahidi: Honorata, aliyemuuzia Shadia ndizi na, aliporudi baada ya kufunua mtobe, kumsikia kwa masikio yake akiuliza kama povu likiwa jingi ndiyo vizuri.

Honorata alikuja kutoka Mwandiga kwa miguu yake, akasimama, akasema hivyo hivyo.

"Wewe kazi yako nini, mama?" wakamuuliza.

"Nauza ndizi. Na napika pombe."

Wakatazamana, wakacheka. "Mpika pombe ndiye anatwambia mkate una pombe au hauna?"

"Sasa mlitaka mumuulize nani?" Honorata akajibu. "Muuza samaki?"

Wakamwambia akae. Shadia aliitwa, akasema hajui kitu, macho chini. Nuhu akaulizwa. Akasema yote yamepita, ndugu ni ndugu.

Wakaamua Safina aombe msamaha kwa ajili ya miguu ile ya Ramadhani. Akaomba. Alipiga magoti mbele ya baraza, akasema, "Nisamehe, shemeji, kwa kukuunguza," kwa sauti ya kusikika, kwa sababu kweli alimuunguza na yeye si mtu wa kukana alilolitenda. Ramadhani akasema amesamehe. Wakasoma Fatiha. Safina akabaki amepiga magoti pale, akingoja zamu ya pili, zamu ya mkono wake. Wazee wakavaa viatu.

"Na wangu?" akauliza.

"Yamekwisha, mama. Inuka."

Hayajakwisha. Miguu ya Ramadhani imepona, anatembea, anakwenda kwenye boti zake. Imeombewa msamaha mbele ya watu. Mkono wa Safina haujaombewa. Ramadhani anadaiwa maneno machache, ayaseme barazani kwake, mchana, wanaume walewale wakisikia: kwamba mkate ule ulitoka nyumbani kwake, na alijua. Wazee wale wanadaiwa masikio ya kuyasikiliza. Nuhu, anayelala kila siku kitanda kimoja naye, anadaiwa zaidi ya wote, maana kutoka mlangoni mpaka kwenye kinu palikuwa karibu, na bado hajapavuka.