Mafuta ya Mikono

Watu hunisifu kwa kazi ya kulinda wanyama, nami hupokea sifa bila aibu. Lakini miaka yangu ya kwanza niliharibu zaidi kuliko nilivyolinda, na aliyeninyoosha ni mtu aliyewahi kuwa mwindaji haramu.

Mzee huyo wa kijiji cha Endarasha alikuwa ametega waya za kunasa wanyama msituni ujana wake wote. Alipoacha, tukamwajiri kambini kwetu atuongoze kumtafuta bongo, yule swara mkubwa mwekundu mwenye mistari myeupe, ambao wamebaki wachache mno. Alikuwa akiinama juu ya jani lililotafunwa akakwambia limeliwa asubuhi au jana. Hakuwahi kukosea, jambo lililoniudhi sana mimi mwenye cheti cha chuo.

Wakubwa walikuwa wametuambia wazi: msimu ukiisha bila hata picha moja ya bongo, kambi itafungwa na waongozaji wataachishwa kazi. Waya zingerudi juma hilo hilo.

Nikafunga kwenye miti kamera zinazopiga picha zenyewe mnyama akipita, kila mahali alipoonyesha mzee. Kwa miezi miwili tulipata nyani, nguruwe, na ng'ombe wa watu walioingizwa msituni kwa siri. Nyayo za bongo zilikaribia kamera, kisha zikageuka. Nikaanza kumshuku mzee. Siku moja nikamwuliza kwa ukali kama nyayo anazotuonyesha si za ndama wa jirani.

Hakukasirika. Aliushika mkono wangu akaunusa.

"Madam, wewe uko na harufu ya harusi. Hii mafuta, ati hata mimi naisikia nikiwa huko kwa mto."

"Lakini Guka," nikasema, nikimwita babu kwa lugha yake, "baridi ya huku itanipasua mikono!"

"Wacha ipasuke. Mimi nilikuwa nachemsha waya na majani kwanza, na siku tatu sioshi mikono na sabuni. Huyo mnyama anaona na pua."

Nilitamani ardhi inimeze. Kwetu, kutoka nyumbani bila kujipaka mafuta ni kama kutoka bila viatu. Mama yangu angenirudisha mlangoni. Nami nilikuwa nimezipaka kamera zote harufu ya waridi, moja baada ya nyingine, kwa bidii.

Tukazishusha, tukazisugua kwa matope na majani. Mikono yangu ilipasuka hadi ikatoa damu. Wiki ya mwisho ya msimu nikafungua picha kwenye kompyuta pale kambini: bongo jike na ndama wake, wametulia, wakitazama kamera. Nilipiga kelele nikamkumbatia mzee. Kambi ilikuwa imepona.

Yeye hakushangilia. Alivua kofia, akainama kuitazama ile picha kwa karibu. Nikamwuliza kwani hajafurahi, au ni kwa sababu amewaona wengi.

"Nimeona wengi," akasema. "Lakini huyu ndio wa kwanza naona akiwa amesimama."