Kabla ya Zambia, Mama Alitaka Kushuka Kreta

Dada yangu aliolewa na Mzambia, fundi wa reli, wakakaa Mpika. Mwanzoni mwa miaka ya themanini walikuja Karatu kutusalimia, na shemeji akamwalika mama kabla hata chai haijapoa.

"Mama, njoo ututembelee. Tutakupeleka bonde la Luangwa. Mtoni viboko wamejazana mpaka maji hayaonekani."

Mama alicheka. Alikuwa mjane, mkulima wa kijijini kwetu Ganako, na kwake mnyama wa porini alikuwa adui wa mahindi, basi. Tembo na nyati wakitoka msituni, yeye alitoka na debe akilipiga kwa mwiko.

"Nifunge safari mpaka Zambia kutazama wezi?" alisema. "Wa hapa hawanitoshi?"

Wageni walipoondoka, siku moja tukipura maharage, akaniuliza bila kuniangalia, "Hivi hao viboko, huko kwao wanakula nini?"

Nikajua safari ipo.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, kwa hiyo tulipanga kwenda likizo ya Juni. Niliazima ramani ya Afrika darasani, nikaitandaza kitandani. Mama aliweka kidole Karatu, nami nikamshika mkono tukakisogeza: Arusha, Dar es Salaam, halafu reli mpaka Mpika. Kidole kilipovuka mpaka alikiondoa haraka kama aliyeungua. Kisha akakirudisha Karatu.

"Tena," akasema. "Polepole."

Tulienda Arusha kupiga picha za pasipoti. Mpiga picha alimwomba asitabasamu. Mama alijitahidi, akakunja uso, akaangua kicheko, na picha ya kwanza ikaharibika. Hata mpiga picha aliishia kucheka.

Nilidhani kilichobaki ni kungoja likizo tu. Lakini Jumapili moja, tukitoka kanisani, mama akasimama katikati ya njia.

"Hatuendi."

Nikashtuka. "Kuna nini tena, mama?"

"Hatuendi mpaka nishuke Ngorongoro. Wakwe wa dada yako wataniuliza kreta ikoje. Niwajibu nini? Kwamba nimezeeka hapa karibu nayo na sijawahi hata kuichungulia?"

Hata mimi sikuwahi kushuka. Kwetu kreta ilikuwa ya wageni.

Jirani yetu alikuwa dereva wa Landrova ya hoteli moja kule juu, ukingoni mwa kreta. Mpaka wa Kenya, walikopitia wageni wengi, ulikuwa bado umefungwa, watalii walikuwa wachache, na magari mengi yalilala bila kazi. Alimwomba bosi wake, akakubaliwa, akatufuata alfajiri. Mama alikuwa tayari mlangoni, amejifunga shuka mbili na kubeba viazi vya kuchemsha.

Ukingoni ukungu ulikuwa mzito, hatukuona kitu. Tukaanza kuteremka, gari likiyumba kwenye mawe, mama kaning'ang'ania mkono. Ghafla ukungu ukaachia. Bonde lote likawa mbele yetu, ziwa liking'aa, nyumbu wametapakaa kama punje nyeusi zilizomwagwa uwanjani.

"Ayo!" mama alipaza sauti. Ni neno la Kiiraqw, alikuwa anamwita mama yake mzazi aliyekwisha kufa zamani.

Kule chini tulimkuta nyati mzee amelala matopeni. Mama aliomba gari lisimame. Akamtazama kwa muda mrefu, nikadhani anatafuta tusi la kumfaa.

"Kumbe na wewe una kwako," akamwambia taratibu.

Dereva alicheka mpaka akalaza kichwa kwenye usukani. Mama hakucheka. Mbele kidogo tulimwona faru na ndama wake, na hapo alibaki na kiazi mkononi, hajakiuma. Tulipoanza kupanda kurudi ndipo ulimi ulipofunguka: faru huzaa baada ya muda gani, simba hulala wapi, nani huwapa maji kiangazi. Dereva alimjibu yote, akimwita "mwanafunzi wangu".

Juni tulisafiri. Luangwa tuliiona, na viboko wale pia, na shemeji hakuwa ametia chumvi. Lakini furaha ninayoikumbuka zaidi ni ya stesheni ya Dar es Salaam. Treni ilipotikisika na kuanza kwenda, mama alisimama dirishani na kitenge chake kipya, akiwapungia watu asiowajua hata mmoja, nao wakampungia wote.