Tezi za Mbuzi Katika Friza ya Dada

Asinifundishe mtu habari za kumwamini ndugu. Mimi nilimwachia dada yangu wa tumbo moja masomo yangu yote, yamegandishwa ndani ya friza yake ya kuuzia maji na aiskrimu pale Nyahanga, akanirudishia uozo.

Nilikuwa nasomea shahada ya pili ya baiolojia. Nilichokitafuta ni thaimasi, ile tezi nyeupe inayokaa kifuani, juu ya moyo. Kwa mnyama mchanga ni kubwa, akizeeka inanyauka. Humo ndimo seli changa za kinga zinamofundishwa kumjua adui na kumwacha ndugu. Wakati wa mafunzo hushikamana na seli walezi kwa protini zinazofanya kazi ya gundi, na zikishaiva huachia, zikaenda zao. Nani anaamua gundi ipungue lini? Mmoja wa waamuzi ni maikro-RNA, vipande vifupi mno ambavyo havijengi chochote. Kazi yao ni kunyamazisha tu. Seli ikituma agizo la kutengeneza gundi, maikro-RNA hulidaka njiani, na gundi haitengenezwi. Nilitaka kujua ni zipi zinazonyamazisha, na wakati gani.

Sasa, tezi nzuri hutoka kwa mbuzi mchanga, na kwetu nani anachinja mbuzi mchanga? Ukimwomba mfugaji anakutazama kama mchawi. Nilizikusanya kiangazi kizima, moja moja, za vitoto vilivyovunjika mguu au kufiwa na mama. Msimamizi wangu alinionya: friza ya kawaida itazivumilia kwa muda, ila zikiyeyuka mara moja tu, kwaheri. Maagizo yaliyomo hukatikakatika, na ukizigandisha tena huwezi kujua kwa macho.

Yote hayo nilimweleza dada, jikoni kwake. Akacheka mpaka akashika mbavu. "Mdogo wangu, umesoma mpaka unalinda vinyama vya mbuzi!" Kisha akaniapia, "Hazitaguswa. Labda nife."

Mwishoni mwa kiangazi hicho, tezi zote zikiwa tayari frizani, jirani yake alifiwa na mume. Nilikwenda kuzika, nikashinda pale, jioni nikarudi chuoni. Sikufungua friza. Ya nini, na dada yupo?

Tulipozipima maabara huko Mwanza, msimamizi aliniuliza kama ziliyeyuka. Nikakataa mpaka nikakaribia kumkosea heshima. Eti dada yangu? Haiwezekani! Akanionyesha majibu. Maikro-RNA nyingi zilikuwepo, kwa kuwa ni fupi na hazifi upesi. Maagizo ya gundi ndiyo yaliyokuwa vumbi tupu. Ningejuaje lipi lilinyamazishwa na lipi lilioza? Muda wangu wa masomo ulikuwa ukingoni, na kiangazi kingine sikuwa nacho. Shahada ikafia pale.

Nikapanda basi mpaka Nyahanga. Nilimkuta dada uani, anachambua mchele.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Mbona umekonda?"

"Zile tezi zangu, ziliwahi kutolewa?"

"Nani azitoe? Hazijaguswa," akasema, ananitazama machoni.

Nilimwamini, jamani! Nilikuwa tayari kurudi kugombana na mashine za maabara. Ndipo yule jirani mjane akaingia na mwangaluka yake, salamu ya Kisukuma, akanishika mikono miwili. "Wabeja, asante sana, mwanangu. Nyumba yenu ilinistiri. Dada yako alitubebea friza nzima mpaka kwetu, wanangu na wenzao wa machimbo ya Geita wakanywa maji ya baridi mpaka tunaanua matanga."

Dada akainamia ungo kana kwamba mawe yote ya Shinyanga yamo mle.

Jirani alipoondoka nikamuuliza alizitia wapi. "Kwenye ndoo, uvunguni," akasema. "Halafu nikazirudisha, zikaganda vizuri tu. Ulitaka nimwambie nini mfiwa? Kwamba friza ina vinyama vya mbuzi? Hapa mtaani ukinyima msibani, siku yako utajizika mwenyewe."

Vizuri tu! Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, nami nilidhani wanawasema wengine. Friza ningemsamehe. Wallahi, ningeibeba mimi mwenyewe kuipeleka kwa mfiwa. Angenipigia simu tu, ningezifuata na ndoo ya barafu hata kwa bodaboda. Lakini alinyamaza, akaniacha nimtetee mbele ya watu, kisha akaniapia tena machoni. Huo ni usaliti, sina jina jingine.

Na siku ile ya mazishi, nimetoka makaburini koo limekauka, ni yeye aliyenijia na chupa ya maji, imelowa kwa baridi. "Kunywa, mdogo wangu, umechoka."

Nikanywa yote. Nikamwomba nyingine.