Matanga ya Edmund

Jumapili hii nimesali nyumbani, maana sina uso wa kuwatazama kina mama wenzangu wa kanisani.

Kazi yangu ni kutunza wazee hapa Hayes, Uingereza. Ijumaa asubuhi nilimkuta Doris, bibi wa Kiingereza ninayemhudumia, akilia. "Edmund amekufa," akaniambia. "Nilimpenda tangu nikiwa msichana." Sikuuliza Edmund ni nani. Kwetu aliyefiwa hahojiwi. Nikampigia simu Mama Mwende, mwenyekiti wetu kina mama wa kanisa.

Kesho yake wakaja wanne, leso viunoni, wamebeba chapati na chupa ya chai. Mama Mwende alikuwa ameacha shifti yake. Wakaimba, wakaomba kwa zamu, naye Doris akawashika mikono kwa mshangao. Hapo kimbelembele changu kikanituma nimwombe picha ya marehemu tuiweke mezani.

Doris akachukua rimoti. "Huyu hapa," akasema. Kwenye televisheni pakatokea jumba kuukuu lenye giza, picha hazina hata rangi, na katikati ya sebule jeneza. "Ni mchezo wa kuigiza wa zamani, nimeanza kuurudia tangu sehemu ya kwanza. Msihuzunike, leo anafufuka."

Na kweli kifuniko kikainuka. Marehemu akaketi, akatengeneza tai yake. Mama Mwende hakuitazama televisheni. Alinitazama mimi.

Nikaanza kukusanya vikombe. Doris akanishika mkono.

"Waache waendelee kuimba," akasema. "Mume wangu alipokufa, hakuja mtu."