Tulivyoifundisha Mashine Kuchambua Kahawa

Nilichambua kahawa kwa miaka kumi na moja katika kiwanda cha kukoboa hapa Moshi. Tulikuwa wanawake ishirini kwenye meza ndefu, tukitoa punje nyeusi, zilizovunjika na zilizotobolewa na wadudu. Jirani yangu mezani alikuwa mama mmoja wa Masama, mjane, aliyeanza kazi hiyo kabla sijazaliwa. Aliweza kuchukua punje isiyo na doa lolote, akaipeleka puani, akaitupa.

"Imeoza ndani hii," aliniambia. "Nusa, mwanangu."

Ilinichukua miaka miwili kuanza kuisikia harufu ile.

Mashine ilipofika, fundi wake, kijana mpole kutoka Dar, alituamkia shikamoo mmoja mmoja. Akatuomba tumtengee punje mbovu, kila kasoro kwenye bakuli lake, ili kamera za mashine zizione na kuzikumbuka. Tuliifanya kazi hiyo wiki nzima. Yule mama ndiye aliyejituma kuliko wote. Bakuli langu alilirudisha mara mbili: "Umechanganya. Utaipotosha mashine ya watu." Tulicheka. Tulidhani inakuja kutupunguzia mzigo wa msimu.

Siku ya majaribio, meneja alitupatia gunia moja, na mashine gunia moja. Hatukufika hata robo, yenyewe ilishamaliza. Mama akachota kahawa iliyotoka kwenye mashine, akanusa kwa muda mrefu, huku sote tumesimama. Akatoa punje tatu, akaziweka kwenye kiganja cha meneja.

"Hizi zinanuka."

Meneja akanusa. "Sisikii kitu, mama. Na hata kama zinanuka, ni tatu tu."

Mwisho wa mwezi wenzangu wote wakasimamishwa kazi. Nilibakizwa mimi peke yangu, kukagua punje zinazotupwa na mashine, kwa sababu nilikuwa na macho mazuri na nilijua kujaza fomu za kompyuta. Mama alikunja kitenge alichokuwa akikalia, akanipa mkono. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Baada ya miezi minane nilipanda mlimani Masama kumsalimia, na kilo mbili za sukari mkononi. Nilimkuta aking'oa visiki vya mibuni. Mwanawe anataka kupanda parachichi. Alinipikia mtori, akaniuliza habari za wanangu, akaniuliza kama mashine haijambo.

"Haijambo, mama."

"Mungu ni mwema," akasema, akaniongezea mtori.

Nilikuwa na neno la kumwambia. Yule fundi alikuwa amenipigia simu juma lile. Ghala moja la maharage kule Himo limenunua mashine kama yetu, na alitaka mtu mzoefu wa kuwaelekeza wanawake wa pale jinsi ya kutenga punje mbovu kwenye mabakuli. Nilikuwa nimeshakubali. Nilimaliza mtori, nikamshukuru, nikashuka kuwahi gari bila kumwambia.

Himo nilikwenda Jumatatu. Wanawake walinipokea kwa furaha, wakanipa kiti.