Kisanduku cha Mama Mzazi

Jina lake halisi lilionekana kwenye karatasi ya mshahara tu. Kwingine kote alikuwa Bi Dakika, kwa sababu kila aliyefika dirishani pake kuulizia faili alijibiwa neno moja, "Dakika," na kweli dakika haikuisha kabla faili halijafika mezani kwa daktari. Wapo wanaokuambia dakika moja kisha wakaenda zao kunywa chai. Yeye hakuwa wa namna hiyo, na alipenda watu walijue hilo.

Chumba chake kilikuwa nyuma ya mapokezi ya kliniki, kirefu na chembamba, chenye shelfu za mbao pande zote mbili mpaka darini na kingazi cha hatua tatu. Mafaili hayakupangwa kwa alfabeti. Yalipangwa kwa jinsi watu wanavyojuana. Fundi Saa alikaa jirani na shemeji yake, Mama Pacha alikuwa na pacha mmoja kila upande, na waliofanana majina walitenganishwa kwa maneno machache ya kalamu pembeni: mrefu, wa kwa muuza mkaa, yule wa goti. Mgeni angepotea mle kutwa nzima. Bi Dakika aliingia na kutoka na faili sahihi, tena akikusuta kwa nini mwezi uliopita hukuja kupimwa. Miaka ishirini na tisa alifanya kazi hiyo na hakuwahi kupoteza faili hata moja, ukiacha lile lililoliwa na panya, ambalo alikuwa tayari kukueleza kwa urefu kwamba halikuwa kosa lake.

Kisha Mzee Daktari, aliyeianzisha kliniki, akastaafu, akaja daktari mpya na kompyuta tatu. Watu wa mapokezi walimsema sana, lakini haki isemwe, hakuwa na ubaya wowote. Alichotaka ni kila mgonjwa aingizwe kwenye mfumo ili daktari yeyote amkute humo, hata kama aliyemzoea hayupo. Mzee Daktari alikuwa amebeba nusu ya kliniki kichwani, naye alipoondoka aliondoka nayo. Daktari mpya alikuwa na tabia moja iliyowashangaza wagonjwa. Alikuwa akiigeuza skrini upande wao na kusema, "Tusome pamoja. Mambo yako haya, si yangu."

Wiki ya kwanza ilikuwa vichekesho vitupu. Mfumo ulidai tarehe ya kuzaliwa, na wazee wengi hawakuijua yao, wakaandikiwa wote tarehe mosi Januari, ikawa kama mtaa mzima umezaliwa kwa mpigo mmoja. Muuguzi wa mapokezi aliwapangia watu miadi ya saa mbili asubuhi, akabonyeza mbili kama masikio yake yalivyosikia, na mfumo ukawasubiri saa nane mchana ilhali wao wameshajaa kwenye benchi tangu jua kuchomoza.

"Mashine yenu haijui kusoma saa," alisema Bi Dakika, kwa raha ambayo hata hakujaribu kuificha.

Hata hivyo alijifunza. Alibonyeza kwa kidole kimoja, midomo ikicheza, akimsomea kompyuta kila herufi kama mtu anayemlisha mtoto mbishi. Kazi yake mpya ilikuwa uhakiki. Muuguzi akishaingiza taarifa za mgonjwa, yeye alizilinganisha na faili la zamani na kusahihisha palipokosewa. Alisahihisha kwa bidii, tena kwa sauti.

Jumanne akaja bintiye.

Huyu alikuwa fundi cherehani wa miaka ishirini na saba, ameolewa mwaka uliopita, na sasa alikuwa na mimba ya wiki kumi na nne, ya kwanza. Aliketi mbele ya muuguzi, na kupitia dirisha dogo Bi Dakika alisikia maswali yakipita moja baada ya jingine mpaka yakamfikia yeye.

"Mama mzazi yupo?"

"Si huyo hapo nyuma yako! Tena anatusikiliza, mwangalie."

"Magonjwa yoyote? Sukari, presha?"

"Mama? Ugonjwa wake ni kusema tu."

Mapokezi yote yakaangua kicheko. Bi Dakika naye akacheka, akatoa na mkono dirishani kutishia kofi. Moyo wake ulijaa. Hakuna mtu aliyempa binti yule jibu hilo la kusema. Lilimtoka mwenyewe, kama linavyomtoka mtu jina lake.

Kicheko kilipoisha ndipo alipokumbuka kwamba jibu lile lilikuwa limeingia kwenye mashine.

Kwa maana binti alizaliwa na dada wa Bi Dakika. Jambo hilo halikuwa siri. Mwenyewe alilijua tangu utotoni, majirani walilijua, na kwa watu wote wale mama mdogo ni mama, hapakuwa na la kuongeza. Dada alifariki, mdogo mtu akampokea mtoto, akamlea peke yake, akampeleka shule, akamnunulia cherehani ya kwanza. Kilichofichwa kilikuwa kimoja tu. Binti aliambiwa mama yake alifariki kwa homa, yeye akiwa na miezi mitatu. Haikuwa homa, na haikuwa miezi mitatu. Dada alipandwa na presha mimba ilipokuwa kubwa, akashikwa na kifafa cha mimba, akafariki siku ile ile aliyojifungua. Bi Dakika aliutunga huo uongo mtoto akiwa na miaka sita, siku aliporudi shuleni ameambiwa na mwenzake kwamba yeye ndiye aliyemuua mama yake. Aliusema mara moja, mtoto akanyamaza kulia, na uongo ukakaa.

Mzee Daktari aliujua ukweli bila kuuandika popote kwenye faili la binti. Angekuwa bado pale asingehitaji kuulizwa. Daktari mpya alijua kilichokuwa kwenye skrini.

Mchana huo Bi Dakika alifungua kumbukumbu ya binti ili aihakiki. Mama mzazi: hai. Magonjwa katika familia: hakuna. Alikaa akiyatazama maneno hayo. Miaka yote hiyo ya kuwabebea madaktari mafaili ilimfundisha mengi, na alijua kwamba yanayompata mama katika uzazi yanaweza kumrudia binti, na kwamba daktari akijua mapema ana la kufanya. Alijua pia kwamba akiandika ukweli, Alhamisi binti anarudi kusomewa majibu ya damu, skrini itageuzwa, na mtoto wake atausoma kwenye kioo mbele ya mtu baki.

Kwa hiyo alifuta neno hai. Chini yake palikuwa na orodha ya majibu ya kuchagua, naye akachagua la mwisho: haijulikani.

Mfumo ukalipokea bila kinyongo. Bi Dakika aliona haya kuliko alivyowahi kuona maishani. Yeye aliyejua goti la nani linauma na ni mkwe wa nani asiyesikia sikio la kushoto, leo ameandika haijulikani kuhusu dada yake wa tumbo moja.

Jumatano alimjibu kila mtu kwa mkato, hata muuguzi akamuuliza kama amelala njaa. Aliogopa. Aliogopa binti asije akajitia hatiani, na mimba hii tumboni. Aliogopa pia jambo la pili, ambalo alijionea aibu kuliwaza: kwamba uongo huo ukivunjwa, na mengine yatatazamwa upya, na yeye atabaki kuwa mama mdogo, mtu aliyeshika zamu ya mwenzake. Wakati huo huo mafaili ya marehemu yalikuwa yakipakiwa kwenye maboksi, kwa sababu mfumo uliwataka walio hai tu, na Ijumaa yangechukuliwa kwenda kukatwakatwa. Alichutama kwenye boksi la pili na kulitoa la dada yake. Lilikuwa jembamba, jalada limefifia.

Alhamisi binti alipofika, kabla hajaketi kwenye benchi, Bi Dakika akamfungulia mlango wa nyuma.

"Njoo ndani kidogo, mwanangu."

"Daktari ataniita, mama."

"Atasubiri. Njoo."

Chumba kilikuwa nusu tupu, shelfu za upande mmoja ziko wazi. Binti akaketi kwenye kingazi. Bi Dakika alikuwa amejiandalia maneno tangu asubuhi, mazuri tu, ya kuanzia mbali, lakini yote yakamkimbia. Akafanya lile alilokuwa amelizoea. Alimkabidhi faili.

Binti alisoma polepole, kidole kikifuata mwandiko wa Mzee Daktari. Alisoma vipimo vya presha vilivyokuwa vikipanda mwezi hadi mwezi. Alipofika mstari wa mwisho kidole kilisimama.

"Tarehe hii ni ya kuzaliwa kwangu."

"Ndiyo."

"Ulisema miezi mitatu. Ulisema homa."

"Nilisema. Nilikudanganya, mwanangu. Ulikuwa mdogo na walikuambia neno baya, nikaona afadhali nidanganye. Halafu ukakua, na mimi nikawa mwoga."

Binti aliusoma tena ule mstari wa mwisho. Nje muuguzi alimwita mtu wa dawa ya macho, mara mbili, kisha mara ya tatu kwa hasira.

"Kwa hiyo walisema kweli. Ni mimi."

"Siyo wewe!" Bi Dakika alisahau kwamba ukuta ni mwembamba. "Ni presha. Soma hapo, imeandikwa presha. Mtoto hapandishi presha kwa makusudi. Na mimi ningekuona wewe ndiye mkosaji, ningekubeba? Ungeniona nikikubeba hivi?"

Machozi yakamtoka binti, akayafuta kwa kiganja, akalitazama tena lile faili. Aliuliza kwa sauti ndogo sana.

"Alinishika?"

Ilikuwa rahisi kusema ndiyo. Lingekuwa neno moja, na hakuna karatasi yoyote ambayo ingelipinga. Bi Dakika alilihisi likija mdomoni, akalirudisha.

"Hapana. Hakuamka. Nilikuwa nimesimama mlangoni wakaniuliza nani ampokee mtoto. Niliyekushika wa kwanza ni mimi."

Binti akaegemeza kichwa tumboni kwa Bi Dakika, wakakaa hivyo mpaka muuguzi alipogonga kumwita kwa daktari. Akainuka, akajifuta uso kwa ncha ya mtandio, faili akalikumbatia.

"Twende wote," akasema.

Daktari akaigeuza skrini kama kawaida yake. Alipofika kwenye kisanduku cha mama mzazi akauliza, "Hapa pameandikwa haijulikani. Kweli?"

"Inajulikana," alisema binti. "Alifariki kwa kifafa cha mimba siku niliyozaliwa. Mimba yake ya kwanza, ndiyo mimi."

Daktari aliacha kuandika, akalipokea faili, akalisoma lote. Akauliza tena wiki za mimba, akahesabu, akashusha pumzi.

"Afadhali nimelijua leo kuliko mwezi wa nane wa mimba. Utakuwa unameza kidonge kimoja kidogo kila siku, na presha nitakupima kila wiki mbili. Hatutakaa tukisubiri."

Akaanza kubonyeza. Amefariki. Kifafa cha mimba. Kisha mfumo ukauliza swali lake la mwisho, na yeye akalisoma kwa sauti bila kuinua macho.

"Taarifa hizi zimetolewa na nani?"

"Na mama," alisema binti.

Daktari akatazama neno amefariki alilokuwa ameliandika muda huo huo. Akageuka, akamwona Bi Dakika amesimama mlangoni na leso mkononi, halafu akairudia kibodi na kuandika: mama.