Walioniita Dada

Nilipoachishwa kazi kiwandani Thika, nilihamia chumba cha bei nafuu huko Kiuu, Ruiru, mahali nisipojua mtu. Mume wangu alikuwa ameshafariki, mtoto sikujaliwa, na ndugu zangu wote wako Kakamega. Siku nyingine jua lilizama sijasema neno ila kumwambia muuza mboga, "Nikatie sukuma."

Mama mmoja tuliyekuwa tukifua naye kwenye mfereji wa maji wa ploti tuliyopanga ndiye aliyenialika maombini. Tulikuwa wanawake tisa na mhubiri mmoja. Waliniita dada. Nikikosa siku moja, walikuja kuniangalia. Kwa hivyo mhubiri aliposema hospitali ni mambo ya dunia, niliacha dawa za presha. Aliposema tuchome vitambulisho, tuhamie shamba fulani mbali tukafunge bila kula mpaka Bwana atuchukue, nilichoma changu kwenye jiko, nao wakaimba.

Sista, muuguzi wa zahanati ya serikali nilikochukua dawa, aliona nimekosa kliniki miezi miwili. Alikuja mwenyewe. Nilimzuia mlangoni.

"Mama, dawa zilikuishia?"

"Siku hizi naponywa kwa imani."

Hakubishana. Aliomba aingie anipime presha tu, na alipoona namba akapima tena.

"Nani alikwambia uache?"

Nilimjibu kwa ukali, nikamtajia mhubiri na safari ya shambani. Akaniacha nimalize, kisha akauliza polepole, "Na ukienda huko shambani, nani atajua umeenda?"

Nilitafuta jina la kumtajia. Nilikosa. Nikalia mbele ya mtu nisiyemjua, naye akakaa nami kitandani hadi nilipotulia.

Kesho yake alinisindikiza kwa chifu. Nilidhani nitafokewa. Chifu alimwita afisa wa ustawi wa jamii, nikaeleza yote. Safari ilizuiwa, naye mhubiri akachukuliwa na polisi.

Yule mama wa ploti alinikuta nikianika nguo. "Umetuuza, dada," akasema. Hajanisemesha tena. Wale wengine wakiniona sokoni huvuka barabara.

Nimerudia dawa, na kitambulisho kipya nimepata. Kila Alhamisi naongea na yule afisa. Huniuliza kama nimekula, kama nimelala. Amenishauri nitafute kanisa lingine. Nimelipata, karibu na steji ya matatu. Hukaa benchi la nyuma, na watu wanapoanza kusalimiana mimi huwa nimeshatoka.